Duvi wa Ghorofa ya Saba

Ostrava ni mji wa makaa: ya mawe, si haya.
Bahari yetu iko sebuleni kwa Bořivoj, ghorofa ya saba,
lita mia na ishirini za maji ya bomba
na chumvi ya kupima kwa kikombe, ndoo kwa ndoo.
Mwenyewe yuko hospitali, nyonga mpya, wiki tatu.
Funguo kaniachia mimi jirani, pamoja na kikaratasi:
*Drahomíra, usiwavimbishe kwa chakula.
Piga picha kila jioni. Nataka kuwahesabu.*

Duvi watano.
Kaa wasiojenga; kaa wanaokaa
ndani ya magamba ya konokono marehemu,
bila hati, bila mwenye nyumba wa kuwagongea tarehe mosi.
Kitendawili: nyumba yangu haina bawaba,
mlango ni mkono wangu.
Gusa kioo tu, mkono unafunga, mazungumzo yamekwisha.

Kazi yenyewe haitaki pupa.
Nazima pampu, maji yaache kutetemeka.
Nakwangua utando wa kijani kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
Nashusha pazia, maana tramu ikipita huko chini
hurusha cheche za buluu mpaka humu.
Kisha najifunika shuka jeusi, kichwa na kamera,
nisije nikajipiga mimi badala yao.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama nyuma ya ukuta wa risasi
nikiwaambia wachimba makaa wa mji huu:
Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike.
Wakatii, na vifua vyao vikaniambia
walichowaficha wake zao.
Sasa pumzi naizuia mwenyewe
na duvi hatii.
Anatoa jicho moja juu ya kijiti, analirudisha.
Nabonyeza: ukungu.
Nabonyeza: kisogo cha konokono.

Siku ya tisa, wanne.
Nikahesabu upya. Wanne.
Yule mdogo mwenye miguu ya rangi ya kutu
(Bořivoj humwita Karani, kwa kuwa hutembea kando ya ukuta)
yuko mchangani, chali, nje ya gamba lake,
miguu imekunjwa kama mwavuli.
Nilimpiga picha moja tu, kipolisi.
Sikuituma.
Nikamwandikia mgonjwa: intaneti inasumbua.
Uongo mdogo. Nikalala nao, ukanenepa usiku kucha.

Saa tisa nikaamka, nikaikuza ile picha
mpaka Karani akajaa kompyuta nzima.
Taa ya juu ilikuwa imempita kifuani
ikatua mchangani; punje za mchanga nilizihesabu
kupitia mwili wake.
Na hili nalijua kuliko sala:
kilicho hai huuzuia mwanga.
Mfupa, damu, uji wa jana, vyote huacha kivuli.
Hii haikuwa maiti.
Hili lilikuwa koti.

Nikavuka korido kwa soksi, tochi mdomoni,
nikakanyaga dimbwi la ndoo niliyoiacha inavuja.
Huyo hapo! Ndani ya lile gamba la mistari
tulilolidhani pambo,
mpya, laini, mweupe kama kidole kilichotoka bendejini,
mkono haujakomaa kuwa mlango.
Alinitazama. Hakuwa na cha kufunga.
Shuka sikulikumbuka. Pampu sikuizima.
Nikabonyeza.

Nikaituma saa kumi kasorobo, nikijua amelala.
Simu ikatetemeka papo hapo:
*Watano. Nashukuru.
Na wa sita je, huyo mwenye nywele timutimu kiooni?
Mwambie ale kitu.*

Nikabaki pale, soksi chapachapa,
pua karibu iguse bahari,
nikacheka
mpaka kioo kikaota ukungu, na Karani akapotea.